Mama na Breki ya Kisima

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya gari la mwanangu, tunashuka mteremko wa kutoka Kisarawe, na mbele yetu lori la mchanga linashuka taratibu huku breki zake zinalia. Harufu ikaingia dirishani. Harufu ya breki inayoungua. Mwanangu akafunga kioo, mimi nikamwambia asimamishe gari. Akaniuliza kama najisikia vibaya. Nikamjibu kwamba sijisikii vibaya, nataka kunyoosha miguu tu. Nikawa natembea kando ya barabara, naenda narudi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, mpaka lile lori likapotea kabisa machoni. Nilishindwa kumweleza. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliobebewa vyungu na mikeka mkapelekwa kuanza upya kwenye vijiji vipya, ambao hamtaniuliza maswali mengi.

Kwetu kwa zamani kila ukoo ulikaa kivyake katikati ya mikorosho yake. Kutoka kwetu kwenda kwa jirani uliweza kuimba wimbo ukaumaliza kabla hujapiga hodi. Kijiji kipya kilikuwa nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule asubuhi, hakuna mti hata mmoja wa kivuli, na hakuna maji. Hakuna mtu aliyetulia. Bibi, mama yake baba, alikataa kufungua furushi lake. Miezi ikapita amelikalia kama kigoda. Mbuzi wetu alitafuna kamba na kurudi kwetu kwa zamani mara tatu. Baba alikuwa amechaguliwa kwenye kamati ya kijiji, hivyo alitoka kikao hiki akaingia kile. Mama alianza kufagia akauacha ufagio uani, akaanza kupeta mpunga akauacha ungoni, akasimama ameshika kiuno anaitazama njia tuliyojia.

Na mimi nilikuwa vilevile. Nilitumwa chumvi nyumba ya pili nikaokotwa mwisho wa kijiji. Bibi aliniita kiguu na njia, na watoto wenzangu wakalichukua hilo jina, mpaka Tatu, jina langu halisi, likabaki kuitwa na mama peke yake.

Kule kwa zamani mama alikuwa ameacha kaburi. Mdogo wangu alikufa kabla hajajua kukaa, akazikwa nyuma ya nyumba chini ya mikorosho, na mama alilipalilia lile kaburi kila Ijumaa. Baba alikuwa wa kwanza kuinua mkono kukubali kuhama. Hilo mama hakulisahau. Nyumba yetu mpya ilikuwa haijakandikwa vizuri, miti na fito tu na udongo kidogo, na maneno yalipita kama upepo. Asubuhi moja niko nje nacheza na vumbi nikamsikia mama akimwambia baba kwa sauti ya chini kabisa:

"Nimechoka kushikilia. Ipo siku nitaachia, tuone utaangukia wapi."

Baba alichukua jembe lake. Akatoka nalo, akanipita bila kuniona.

Maji tuliyafuata kwenye kisima cha kule kwa zamani, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Kijiji kikaamua kichimbe kisima chake. Baba ndiye aliyekuwa na uzoefu, ameshachimba visima vinne enzi za ujana wake, basi akaanza yeye na mjomba Kibwana, mdogo wake mama, mmoja anachimba na mwingine anavuta udongo kwa ndoo na kamba. Walipofika pima sita kamba ikawa inawachana viganja, na udongo wenyewe ukawa mweupe, mzito kama unga uliolowa. Mtu hakuweza kushushwa wala kupandishwa tena kwa mikono. Ndipo ikasemwa kwamba kule upande wa Ruvu, kwenye shamba moja la mkonge lililoachwa, kuna winchi ya kugeuza kwa mkono, na aliyeitunza bado yupo.

Baba alirudi kutoka kikaoni akamwambia bibi, "Ngoma inakuja keshokutwa, kubwa, ya chuma." Mimi nikachukua hayo maneno kama yalivyo. Siku mbili nilikuwa siwezi kukaa. Niliwaambia wenzangu kwamba italetwa ngoma ya chuma, tutacheza mpaka mavumbi yafunike kijiji. Trekta lilipofika na tela lake tulilikimbilia tukiimba. Tukaona dude jeusi lenye kutu, lina meno, lina hendeli mbili za kuzungushia, na katikati pipa limezungushiwa kamba ya waya. Nikamuuliza mzee aliyeshuka nalo ngoma iko wapi. Akanigongea lile pipa kwa kidole. Likatoa mlio mfu. Wenzangu walinicheka siku nzima.

Mzee huyo alikuwa Fundi Lukasi, Mlutheri kutoka Dutumi, mwembamba, mpole, mwenye kucha nyeusi daima. Kwenye shamba la mkonge alikuwa mtu wa mashine miaka yote. Alipokuwa anaifunga winchi juu ya magogo mdomoni mwa kisima alikuwa anaieleza, hakuna aliyemwomba, anaieleza tu, kama mtu anayemtambulisha ndugu yake. Upande mmoja wa ngoma palikuwa na gurudumu laini la chuma, na gurudumu hilo lilikuwa limevishwa mkanda, bamba jembamba la chuma limelizunguka karibu lote, na ndani ya bamba imepigiliwa misumari laini kushikiza kitambaa kigumu kilichosokotwa, cha rangi ya majivu. Ncha moja ya mkanda imefungwa kwenye fremu, haiendi popote. Ncha ya pili imeungwa kwenye fimbo ndefu ya chuma, wenzo wa breki. Ukiuvuta wenzo, mkanda unalibana gurudumu. Ukiulegeza, gurudumu linazunguka, na kilichoning'inia kinashuka. Alisema breki kama hiyo aliikuta kwenye mashine zilizovuta matoroli ya mkonge, aliikuta kwenye katapila lililong'oa visiki, ambalo liligeuka kwa kubanwa upande mmoja, na alisikia hata winchi za bandarini zinayo. Meneja wao mmoja alikuwa na baiskeli yenye kimkanda hichohicho kwenye gurudumu la nyuma.

Mimi niliona kibwebwe. Ngoma imefungwa kibwebwe, na mwenye kukikaza lazima awe na nguvu za kutosha kumzuia mtu asidondoke.

Hata mjomba Kibwana aliona hivyo, maana alijitokeza akatunisha kifua. Wakamshusha baba kwa mara ya kwanza, amekaa kwenye gongo lililofungwa mwisho wa waya, hendeli zimechomolewa zisije zikazunguka na kuvunja mtu taya. Mjomba akalegeza, ngoma ikapiga kasi. Akavuta kwa nguvu zake zote, ngoma ikakwama ghafla, na chini huko tukasikia baba amejigonga ukutani. Akapandishwa bega limechubuka. Fundi Lukasi akachukua kamba, akaizungusha kwenye nguzo mara moja na nusu, akampa mjomba ncha ndefu avute, yeye akashika ncha nyingine kwa vidole viwili. Mjomba alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Kamba haikwenda. Fundi akatueleza kwamba breki ya mkanda ndivyo ilivyo. Ngoma inapozunguka kwa upande wa kushuka, inauburuta mkanda na kuukaza yenyewe, inajikaba kwa nguvu zake mwenyewe, na mshika wenzo anaiongoza tu. Ikizunguka upande wa kupanda, mkanda unajilegeza, haumzuii mtu. Kwa hiyo wenye nguvu waende kwenye hendeli.

Halafu akawatazama wanawake waliokuwa wametua ndoo zao wakiangalia. Mama alikuwa ndio kwanza anaitua ndoo iliyojaa kutoka kichwani, peke yake, na maji hayakumwagika hata tone.

"Yule," Fundi alisema. "Nataka mkono unaosikia."

Bibi hakupenda. Alisema mbele za watu kwamba si adabu roho ya mume kuning'inizwa kwenye mkono wa mkewe. Baba akasema kazi ya kijiji haina mke wala mume. Mama akasogea mbele. Alijifunga kanga kiunoni, akaushika wenzo, na baba akashuka pole kama jani.

Watu wakapumua. Mimi sikupumua. Nilikuwa nayajua maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia. Ipo siku nitaachia, tuone utaangukia wapi. Na sasa kweli alikuwa ameshika, na baba kweli alikuwa na pa kuangukia.

Tangu siku ile sikutoka pale kisimani. Nilifukuzwa nikarudi. Nilizunguka lile shimo kama kuku anayetafuta pa kutagia, macho kwenye vidole vya mama. Akijikuna, nasogea hatua moja. Akigeuka kumjibu mtu salamu, natamani kupiga kelele. Nilijaribu kumhesabia baba safari zake, nikapotea hesabu kwa hofu. Na mkanda wenyewe ulikuwa unalia. Kila anaposhushwa ulitoa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama mtoto anayebanwa, mpaka meno yakaniuma. Nikaanza kufikiri kwamba labda hautakuwa mkono wa mama. Labda ule mkanda ndio utakaokatika, kwa ukavu, na mama atasingiziwa.

Nilikuwa nimemwona Fundi Lukasi akipaka grisi kwenye meno ya winchi, kwenye ekseli, kwenye kila kinachozunguka. Mkanda aliuruka. Nilidhani amesahau, au grisi yake imemwishia na anaona haya kusema. Bibi alikuwa na mkanda wa ngozi wa marehemu babu, na kila mwezi aliupaka mafuta ya nazi usije ukapasuka. Kwa hiyo nilijua la kufanya. Siku moja watu walipokwenda kula mchana, nilichukua kifuu cha mafuta ya nazi ya mama, nikaenda kisimani, nikaumiminia mkanda mafuta pote nilipoweza kufika, nikayasukuma ndani kwa vidole. Kitambaa kiliyanywa. Nikarudi nyumbani nikala ugali mwingi kuliko siku zote. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie pale nilikaa mahali pamoja.

Waliporudi kazini, baba alikaa kwenye gongo, mama akashika wenzo, mjomba akainua kidole cha chuma kinachoingia kwenye meno ya winchi kuyazuia yasizunguke. Mkanda haukulia. Nilitabasamu. Nakumbuka nilitabasamu.

Mama alijua kabla ya wote. Nilimwona uso unabadilika, anavuta na hapati kitu, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ngoma ikaendelea kuzunguka, ikazidi, waya ukaanza kuimba. Akautupia wenzo mwili mzima, akaulalia kwa tumbo, miguu imeacha ardhi. Moshi mweupe ukatoka kwenye mkanda, na harufu ile, ya nazi na ya kitu kinachoungua pamoja. Kutoka chini sauti ya baba ilikuja ndefu, haina maneno. Mama hakupiga kelele. Aliita mara moja tu, "Fundi!"

Fundi Lukasi alikuwa anasokota tumbaku yake pembeni. Alichota udongo mkavu kwa mikono miwili akautupa kati ya mkanda na gurudumu, akachota tena, akatupa tena. Mkanda ukauma. Winchi nzima ikaruka juu ya magogo, ngoma ikasimama, na waya ukapiga mtikiso uliomrusha baba kutoka kwenye gongo. Alianguka sehemu iliyobaki, kama kimo cha mtu na nusu, akavunjika mguu chini ya goti.

Walipompandisha amefungwa kwenye waya kama mzigo, mama bado alikuwa ameulalia wenzo. Ilibidi mjomba amfungue vidole kimoja kimoja.

Maneno yalianza kabla hata fundi wa mifupa hajamaliza kumfunga baba vijiti. Bibi alisema alishasema. Wanawake walikumbuka kwamba yule hakutaka kuhama, kwamba hasemi na mumewe siku hizi. Fundi Lukasi alifungua mkanda akaunusa, akasema una mafuta, na mafuta ni ya nazi. Alieleza kwamba kila kitu kwenye mashine kinapenda mafuta isipokuwa hicho kimoja. Kinashika kwa ukavu wake, ukikilainisha umekiua. Alisema hivyo akiwa anaeleza tu, kama kawaida yake, lakini watu walisikia neno nazi, na wakamtazama mama. Ikaamuliwa kesho yake aje kikaoni ajieleze.

Mimi niliondoka. Sikupanga, miguu ilinichukua, nikatoka kijijini nikaifuata ile njia tuliyojia, nikifika kwenye mti nasema nitasimama kwenye mti unaofuata, na sikusimama mpaka nilipoiona mikorosho yetu. Nyumba ilikuwa imeshabomoka paa. Nilijificha nyuma, pale kwenye kaburi la mdogo wangu, na hata pale sikuweza kukaa, nikawa nang'oa majani, nang'oa tu, mpaka kaburi likawa safi.

Mama alinikuta jua likikaribia kuzama. Alikuja moja kwa moja, hakuwa ametafuta kwingine. Alilitazama kaburi lililopaliliwa, akakaa chini. Alikuwa na malengelenge viganja vyote viwili. Nikamwambia yote kwa mkupuo, mafuta, kifuu, mkanda wa babu, na kwa nini. Nikamwambia nilimsikia akisema ataachia.

Aling'oa jani moja nililoliacha, akalizungusha kidoleni.

"Kwa hiyo siku zote hizo ulikuwa unaniangalia mimi," alisema.

Nikaitika kwa kichwa.

"Nilisema kwa uchungu, Tatu. Mtu mzima akisema hivyo anasema habari za moyo. Mkono wangu haujawahi kumwachia baba yako." Akatemea mate ncha ya kanga yake, akanifuta uso kwa nguvu, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo zaidi. "Twende. Na kikaoni usifungue mdomo."

Kesho yake alisimama mbele ya kamati, mbele ya bibi, mbele ya kijiji kizima. Aliulizwa kuhusu mafuta. Alisema sentensi mbili. "Mafuta yametoka nyumbani kwangu. Kosa ni la nyumbani kwangu." Wakamuuliza zaidi, akanyamaza. Wakaamua asiguse tena winchi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bibi, nimefinya kanga yake, na mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno. Sikuyasema. Miaka mingi nimejiuliza kama ule ulikuwa utii au woga, na bado sijui.

Baba alijua. Mama alimweleza siku ileile, maana baba aliniita kitandani kwake nikaenda najiburuta ukutani. Aliniuliza nilipaka mafuta kiasi gani. Nikasema kifuu kizima. Alianza kucheka, mguu ukamuuma, akashindwa kuacha kucheka, machozi yakamtoka. Kisha akanishika kichwa akakikandamiza kifuani kwake mpaka nikakosa pumzi. Nje nilimsikia mama akiacha kupeta.

Fundi Lukasi aliuosha ule mkanda kwa petroli, akauanika juani siku tatu, akaukwangua. Ulikuwa tayari lakini hakukuwa na wa kushuka. Mjomba Kibwana alishuka mara moja, akapanda, akasema hashuki tena. Vijana wengine walitazama kandokando. Wiki zikapita, wanawake wakaendelea na safari ndefu ya maji, mama akiwa mbele yao, hakuna anayetembea karibu naye. Kisima kikabaki shimo kavu katikati ya kijiji.

Baba alipoweza kutembea kwa fimbo, alikwenda kikaoni. Alisema atamaliza kisima chake. Wakamwuliza nani atashika breki, akasema mkewe. Bibi akainuka akaanza kusema, baba akamwambia kwa heshima, "Mama, shikamoo. Lakini mimi ndiye ninayeshuka." Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa tayari kushuka, kamati haikuwa na la kujibu.

Ilikuwa asubuhi, na kijiji kizima kilikuja, wengine kwa kazi na wengine kwa umbea. Fundi Lukasi alizungusha ngoma bure mara tatu, mkanda ukalia ule mlio wake mwembamba, na kwa mara ya kwanza niliufurahia. Baba akaegemeza fimbo yake kwenye gogo, akakaa kwenye gongo. Mama akajifunga kanga kiunoni, akashika wenzo. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma, nitafute pa kukimbilia, aliponiita bila kugeuka.

"Tatu. Njoo hapa. Weka mkono."

Mtu mmoja aliguna. Fundi Lukasi akasema hapana ubaya. Nikauweka mkono wangu kwenye chuma, na mama akauweka wake juu yake, wenye makovu ya malengelenge. Alilegeza kidogo. Nilitegemea uzito wa mtu mzima uning'oe bega. Badala yake ilikuja mtetemo mdogo tu ndani ya kiganja, unapanda na kushuka, na nikatambua kwamba ule mtetemo ni baba, anavyojisogeza, anavyouepusha mguu wake usiguse ukuta. Nilisimama wima. Miguu yangu haikutaka kwenda popote.

Alipokuwa ameshatokomea gizani, mama akabana, ngoma ikasimama. Baba akauliza kutoka chini, sauti yake imezungukwa na udongo:

"Nani ameshika?"

Mama alinitazama.

"Tumeshika wawili," alijibu.

Kiganjani nikauhisi mtetemo wa baba akijiweka sawa. Watu waliozunguka kisima wakasogea karibu, hata bibi. Nilisikia moyo wangu, na sijui kama ulikuwa wangu au wa mama, kwa jinsi tulivyobanana.

"Basi," baba akasema, "nishusheni."